Kitabu Kilichosomwa Nyuma ya Pazia

Watu wengi wanaoingia dukani kwangu hawaji kujinunulia kitabu. Wanakuja kumnunulia mtu mwingine, na wanafika na aibu kidogo, kama mwanaume aliyetumwa kununua nguo ya mke wake bila kujua kipimo. Duka lenyewe ni chumba kimoja hapa Butembo, katikati ya fundi cherehani na mtu anayetengeneza simu. Desemba ikikaribia, au wakati wa komunyo ya kwanza, au mtoto wa mtu akipata diploma, ndipo wanapokuja.

“Mama, unipatie kitabu ya mutoto wa miaka munane.”

“Anapenda nini?”

“Anapenda… ni mutoto tu, mama.”

Basi nawaacha wakae kwenye kiti changu cha plastiki wafikiri. Baba mmoja aliyevaa koti la mvua alikaa pale mpaka nikauza kwa watu wengine kadhaa, halafu akasema, kama mtu aliyeokota kitu njiani, “Anapenda kuuliza maji ya muto inatoka wapi.” Hapo nilijua cha kumpa. Huwa najisikia vizuri sana siku kama hiyo. Mtu akiniambia neno moja la kweli juu ya mtu wake, mkono wangu unakwenda wenyewe kwenye rafu.

Kwa hiyo mwaka ule niliposhuka Beni kwa Noeli, nilikuwa na uhakika na mfuko wangu. Kila mwaka nilikuwa napeleka sukari, sabuni na kitenge cha mama. Safari hii nilipeleka vitabu, kimoja kwa kila mtu wa nyumba.

Nyumba ni ya mama yangu, iko Mulekera, ina vyumba vitatu na barza ya mbele yenye mabati. Mama ni mwalimu wa zamani. Alianza kufundisha akiwa msichana kule Masereka kwenye baridi, akaja kumalizia kazi Beni, na mpaka leo watu wazima wanasimamisha pikipiki barabarani kumwamkia. Tangu baba afariki alikuwa anaishi na amani yake na kuku wake. Halafu mdogo wangu wa kike, pamoja na mume wake na watoto wao wawili, walilazimika kuacha nyumba yao upande wa Mangina, kwa sababu huko usalama ulikuwa umeharibika. Wakaja kwa mama. Walifikiri ni kwa majuma machache tu.

Shemeji yangu ni mtu wa kakao. Alipanda shamba lake mwenyewe, akalitunza mwenyewe, na watu wa kule walikuwa wanakuja kutazama namna anavyokata matawi. Sasa alikuwa anakaa kwa mama mkwe wake. Anayetujua ataelewa uzito wa jambo hilo. Kwetu, mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawali wakitazamana, hawakai sehemu moja, na mambo yao yanapitia kwa mtu wa katikati. Siku hizi wengi wameacha, lakini mama yangu na shemeji yangu hawakuacha. Akirudi nyumbani alikuwa anakohoa kwenye lango ili mama apate nafasi ya kuingia ndani. Mama akitaka kwenda kwa kuku wake, anaita kwanza mjukuu: “Baba yako iko wapi?” Katika nyumba ya vyumba vitatu, wawili wale walikuwa wanapishana siku nzima bila kugusana. Shemeji alikuwa anakaa barzani tangu asubuhi, mikono juu ya magoti, anatazama pikipiki zinazopita.

Niligawa vitabu siku ya Noeli baada ya chakula. Mtoto mdogo, ambaye alikuwa hajaanza kutembea, nilimpa kitabu cha karatasi ngumu chenye picha za wanyama. Alikitazama kwa makini, akafungua ukurasa wa ng'ombe, akautia mdomoni. Jioni ng'ombe alikuwa hana tena kichwa. Mdogo wangu aliona haya, mimi nilifurahi. Kwa umri ule kitabu kinasomwa kwa meno pia, ndiyo sababu wanakifanya kigumu.

Dada yake, msichana wa shule anayependa kuuliza maswali mpaka watu wanamkimbia, nilimpa kitabu cha dunia: volkano, bahari, sababu ya radi. Hatukumsikia tena mpaka usiku, isipokuwa alipotoka chumbani kutuambia kwamba chini ya miguu yetu kuna moto.

Mdogo wangu nilimpa hadithi ya mapenzi, ya Kifaransa, juu ya binti muuguzi na dereva wa lori waliopotezana sokoni siku ya vurugu. Aliipokea na kuificha mara moja chini ya kitenge, akicheka. “Yaya, dada yangu, unataka bwana wangu aseme nini?”

Mama nilimpa maisha ya sista mmoja wa milimani, maandishi makubwa. Alipitisha kiganja juu ya jalada. “Ni ya muzuri sana. Wasingya, mwana wangu,” akanishukuru kwa Kinande, na kukiweka mapajani.

Shemeji nilimpa kitabu cha kakao. Kilikuwa kitabu kizuri, chenye picha za rangi kila ukurasa: magonjwa ya maganda, namna ya kupogoa, namna ya kuchachusha na kuanika. Jalada lilikuwa na mkono unaoshika ganda lililoiva, jekundu lenye kuelekea njano. Alilitazama jalada lile muda mrefu. “Aksanti, shemeji,” akasema. “Picha zake ni za muzuri.” Akakifunga tena kwenye karatasi yake, akainuka, akakiweka juu kabisa ya kabati. Nilidhani anakihifadhi watoto wasikichafue.

Kesho yake asubuhi nilimkuta nyuma ya nyumba akipasua kuni. Aliweka shoka chini aliponiona.

“Shemeji, hapana kukasirika,” akasema, kwa Kiswahili chetu ambamo “mais” ni lakini na “donc” ni kwa hiyo. “Ile kitabu ni ya muzuri. Mais nikiifungua, naona miti yangu. Naona vile majani imeota chini, na hakuna mwenye kukata. Donc nimeiweka. Nitaisoma siku nitarudia kwangu.”

Nikamwambia nimeelewa, na kweli nilikuwa nimeelewa, ila nilikuwa nimechelewa. Nilikuwa nimejiuliza anafanya kazi gani, nikaishia hapo. Mkulima wa kakao, kitabu cha kakao. Mtu akija dukani na jibu rahisi namna hiyo namrudisha kwenye kiti cha plastiki afikiri zaidi, lakini mimi mwenyewe sikukaa.

Nilirudi ndani nikiwa nimepunguka kidogo, na ndipo nilipomtazama mama vizuri. Alikuwa amekaa karibu na dirisha, kitabu cha sista kimefunguliwa mikononi mwake. Nilikunja nguo za watoto zote, nikafagia, na ukurasa ulikuwa ni ule ule.

“Mama, kitabu hakikupendezi?”

“Kinanipendeza.”

“Kinasema nini?”

Akakifunga. “Macho yangu iko na mawingu,” akasema polepole. “Naona mwangaza. Naona kama wewe umesimama pale. Mais maandishi, hapana.”

“Tangu wakati gani? Juu ya nini haukusema?”

“Mungenipeleka hospitali.”

Alisema hivyo kama mtu aliyejitetea vya kutosha. Mwalimu aliyefundisha nusu ya mtaa kusoma alikuwa anafungua misale kanisani na kusema sala kwa kichwa, na sisi watoto wake hatukuona. Nilikaa karibu naye.

Mchana ule mvua ilianza. Mdogo wangu alikuwa anachambua mchele sebuleni, hadithi yake ya mapenzi imefichwa nusu chini ya sinia, anaiba mistari. Mama alisikia karatasi.

“Wewe unasoma nini?”

“Hapana kitu, mama. Ni hadithi tu.”

“Soma nisikie.”

“Mama! Si hadithi ya kusomea mutu mukubwa.”

“Nilizaa batoto na nikazika bwana. Soma.”

Basi mdogo wangu akasoma. Alisoma haraka, kwa aibu, huku mchele ukimngoja, lakini hadithi ilikuwa inajua kazi yake. Binti muuguzi alifika kwenye mji asioujua, akashuka kwenye lori la watu wengine, akaanza kumtafuta dereva wake kwa kuuliza rangi ya gari. Alipofika kwenye duka la mafuta, mwenye duka akamwambia, “Ule mutu? Nilimuona,” na hapo hapo mtoto akaamka akilia, na sufuria ikafurika kwenye mbabula, moshi wa makaa ukajaa nyumba. Mdogo wangu akatupa kitabu juu ya kiti, akakimbia.

Mama alibaki ameinamisha kichwa upande wa kiti, kana kwamba kitabu kingeendelea chenyewe.

“Alimuona wapi?” akaniuliza.

Nilikuwa nanyoosha mkono nikichukue, na sauti ikatoka upande wa nje. Mlango wa barza ulikuwa wazi, umefunikwa na pazia tu, na nyuma ya pazia lile shemeji alikuwa amekaa muda wote huo kwenye kigoda chake, akikimbia mvua.

“Mama.”

“Nani?”

“Ni miye, mama. Mutanisamehe. Kama mutakubali, naweza kuendelesha kidogo. Nitabakia huku inje.”

Mama alipeleka mkono kichwani akarekebisha kitambaa chake, ingawa hakuna aliyemwona isipokuwa mimi. Halafu akajikohoza kama mtu anayeanza darasa.

“Soma, mukwe.”

Nilipitisha kitabu chini ya pazia. Niliona mkono wake mpana ukikipokea, na vidole vyenye makovu ya panga vikitafuta ukurasa. Akatugeuzia mgongo, akaegemea ukuta, akaanza.

Mwanzoni alisoma kama mtu anayesoma matangazo kanisani, kila neno limesimama peke yake. Mama alivumilia mistari michache.

“*Les enfants*,” akasema. “Unaunganisha maneno mawili. Hawakukufundisha liezo?”

“Balinifundisha, mama. Nilisahabu.”

“Rudilia.”

Akarudilia. Mama akasema “Bien,” na nikajua kwamba mwanaume yule wa miaka yote ile, baba wa watoto wawili, alikuwa amenyooka mgongo kule nje. Alisoma vizuri zaidi baada ya hapo. Alipofika mahali pa mazungumzo alianza kubadilisha sauti, moja ya muuguzi, moja ya mwenye duka la mafuta. Mdogo wangu akarudi, mtoto mgongoni, akasimama katikati ya sebule mdomo wazi.

Hadithi ikafika pale ambapo wote tulikuwa tunapangoja. Dereva alikuwa amesimama sokoni, akageuka, akamwona. Akaacha kila kitu, akaanza kumkaribia. Shemeji akanyamaza. Tukasikia ukurasa unageuzwa. Halafu akaendelea kwa sauti ya haraka, na dereva alikuwa sasa ananunua ndizi.

“Umeruka,” mama akasema.

“Hapana, mama.”

“Alikuwa anamukaribia. Sasa ananunua ndizi. Katikati kulifanyika nini?”

Mvua ilisikika juu ya mabati. Mdogo wangu alikuwa ameuma pindo la kitenge, mabega yanamtikisika.

“Basalimiana, mama.”

“Basalimiana namna gani?”

“Kwa heshima.”

Mama akacheka. Sijui kama naweza kueleza kicheko kile. Kilianza tumboni, kikamtoa machozi, akapiga paja lake kwa kiganja, na sisi tukaanguka pamoja naye, na nyuma ya pazia shemeji naye akaanza, kwanza kwa kujizuia, halafu wazi kabisa. Tangu baba azikwe nilikuwa sijamsikia mama akicheka hivyo.

“Sawa,” akasema akijipangusa macho. “Endelea na ndizi.”

Ikawa kazi ya kila mchana. Shemeji alikuwa anatoka asubuhi kutafuta kibarua hapa na pale, lakini saa ya kusoma alikuwa yuko. Alikohoa langoni kama zamani, akakaa kwenye kigoda chake, na mama akauliza kutoka ndani, “Tulifika wapi?” ingawa yeye ndiye aliyekumbuka vizuri kuliko wote. Mama mmoja jirani akaanza kuja na maharagwe yake ya kumenya. Akawa anakaa upande wa nje, akisikiliza Kifaransa ambacho hakukijua sana, na shemeji akatua kila mara kumtafsiria kwa Kiswahili. Mahali pa aibu aliruka kwa lugha zote mbili.

Siku moja upepo ukageuza mvua, ikaanza kuingia barzani. Tulimsikia shemeji anasogeza kigoda, halafu anasogeza tena.

“Mukwe,” mama akasema, “ingia. Utalowanisha kitabu.”

Aliingia akiinama, akakaa karibu na mlango, amegeukia ukuta. Mama naye akageukia dirisha. Walikuwa chumba kimoja, migongo tu ndiyo inayotazamana, na hakuna aliyekufa. Akasoma sehemu ambayo dereva anapoteza lori lake, linachomwa na watu asiowajua, naye anakaa kando ya barabara bila kujua aanzie wapi. Alipofika mwisho wa sehemu ile hakugeuza ukurasa.

Mama akauliza, bila kugeuka, “Na miti yako, mukwe? Ulipanda mwaka gani?”

Akamwambia. Akamwambia alipotoa mbegu, na namna mwaka wa kwanza mbuzi za watu zilivyomlia miche, na kivuli cha migomba aliyoipanda kwanza ili kakao isiungue, na sehemu ya chini karibu na maji ambapo maganda yalikuwa makubwa kupita mengine. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi namna ile. Mama aliuliza kila kitu, kama mwalimu anayetaka kuelewa kweli. Nilimvuta mdogo wangu mkono, tukatoka kwenda kutazama makaa ambayo hayakuhitaji kutazamwa.

Niliporudi Butembo baada ya mwaka mpya, kitabu kilikuwa hakijaisha. Haikupita muda mama akanipigia simu. “Kimeisha,” akasema. “Balioana. Utafute ingine ya namna hiyo hiyo.” Nikamwuliza vipi kitabu cha sista. “Sista atangoja,” akasema, “yeye iko na uvumilivu.”

Nikatuma kingine, na kingine. Katikati ya hayo tulimshika mama kwa upole na kwa nguvu pia, tukampeleka hospitali. Daktari akamwambia ni mtoto wa jicho, akampasua jicho moja, halafu baadaye la pili. Siku walipomfungua alitazama uso wangu kwa muda na kusema nimezeeka.

Safari yangu iliyofuata Beni nilifika asubuhi, bila kuwaarifu. Mdogo wangu alikuwa sokoni, watoto shuleni na mgongoni, shemeji kibaruani. Mama alikuwa peke yake barzani, miwani mipya puani, na mikononi alikuwa na hadithi ya muuguzi na dereva, ile ya kwanza kabisa. Alikuwa anageuza kurasa haraka, kidole kinashuka mistarini.

“Mama! Munasoma!”

“Shii.” Alitazama langoni kwanza. “Natafuta mahali aliruka.”

“Mumepata?”

“Nimepata karibu yote.” Akavua miwani, uso wake umejaa furaha ya mtoto aliyeiba sukari. “Hapana mwambia. Akijua naona muzuri, ataacha kunisomea.”

“Lakini anajua mulipasuliwa.”

“Anajua. Nilimwambia macho ingali na uchovu.”

Mchana ule shemeji akaja, akakohoa langoni. Mama akaficha miwani kwenye mfuko wa blauzi, akaketi upande wake wa dirisha. “Tulifika wapi?” akauliza. Nami nikakaa nikimsikiliza mwanaume akisoma, akiruka, na mama akitikisa kichwa kwa adabu mahali pa kuruka.

Muda si mrefu uliopita shemeji alikuja Butembo. Upande wa shamba kulikuwa kumetulia kidogo. Wenzake walikuwa wameanza kwenda na kurudi mchana, naye alikuwa anatafuta turubai la kuanikia. Alipita dukani kwangu kabla ya kurudi, akasimama mbele ya rafu, mikono nyuma, kama mtu anayetazama ng'ombe wa kununua.

“Hii,” nikamwambia, “mama ataipenda.”

Akasoma mistari ya kwanza kwa sauti ndogo, akatikisa kichwa. “Hapana. Hii inaanza polepole. Mama atauliza maswali kabla tufike ukurasa wa tano.” Akachukua kingine, akakipima mkononi. “Iko na batu wengi sana?”

“Wachache.”

“Muzuri. Batu wakikuwa wengi nakosa masauti.”

Sikuweza kujizuia. “Shemeji, macho ya mama inaendelea namna gani?”

Alinitazama, akatabasamu kidogo. “Juzi alimuita mutoto asikanyage sindano. Sindano ilikuwa chini ya kiti, kule mbali.”

“Donc unajua!”

“Najua. Mais tukisema, ataona haya, ataacha kuniita. Na miye nitakaa tena pale barzani kufanya nini?”

Wakati huo mwanamke mmoja aliingia, amebeba kikapu cha karoti, akasimama mlangoni na ile aibu ninayoijua. Alitaka kitabu cha zawadi kwa baba mkwe wake, mzee wa Lubero, aliyehamia kwake tangu mwezi uliopita. Nilifungua mdomo nimwulize anapenda nini, lakini shemeji alinitangulia.

“Muchana anakaa na nani?” akamwuliza.

Mwanamke akafikiri. “Na miye. Niko nashona pale nyumbani. Yeye anatazama tu.”

“Anazungumuza?”

“Na miye? Hapana. Ni baba mukwe.”

Shemeji akamsogezea kiti cha plastiki. “Ukae, mama,” akasema, na kunigeukia. “Shemeji, umutafutie kitabu ya safari, yenye kuchekesha. Maandishi ikuwe makubwa, juu huyu mama atasoma huku anashona.”

Mwanamke akasema hapana, kitabu si chake, ni cha mzee.

“Ndiyo, ni ya muzee,” shemeji akasema. “Mais utaanza kusoma wewe. Usome kwa nguvu kidogo, kama vile unajisomea.”

Alikinunua. Alikiweka juu ya karoti, akafunika na kitambaa ili manyunyu yasikipate, akaondoka.